Kura za Garsen na Njia ya Ng'ombe

Zamani mgombea ubunge wa Garsen hakuweza kutukwepa. Daraja halikuwapo. Aliyetoka Malindi kwenda ng'ambo ya Tana alishuka garini ukingoni, akasubiri kivuko kivutwe kwa mikono, akasimama humo pamoja na mbuzi, magunia ya mpunga, matenga ya maembe na sisi. Mto ukiwa umefura alisubiri mpaka jioni. Mama yangu alikuwa akisema kuwa mheshimiwa umjue kivukoni, maana jukwaani kila mtu ni mpole. Pale aliulizwa habari za dawa zilizokwisha katika zahanati, za chifu aliyezidisha ukali, za ng'ombe walioingia shambani juzi usiku, na hakuwa na pa kwenda mpaka kivuko kifike.

Leo kuna daraja, kuna lami kutoka Malindi, na lami imeendelea kutoka Garsen kupita Witu hadi Lamu. Ninaishukuru lami hiyo. Katika miaka ya tisini, majambazi walipokuwa wakiteka mabasi njia ya Lamu, tulisafiri kwa msafara wenye askari wa bunduki, na mjamzito aliyepatwa na uchungu usiku aliombewa dua tu mpaka kukuche. Lakini magari ya kampeni sasa yanapita makutano ya Minjila kwa kasi, vipaza sauti vikiimba, na anayetaka kuuliza habari ya ng'ombe walioingia shambani hana tena mahali pa kumsimamisha mtu.

Mimi ni mtoto wa Kipokomo wa sehemu za chini za mto, kutoka kijiji kimoja kati ya Ngao na Tarasaa. Nimezishuhudia chaguzi za eneobunge la Garsen tangu 1988, kwanza nikiwa juu ya mwembe na baadaye nikiwa na kitambulisho mkononi. Ninaziandika kwa sababu watoto wetu wanazijua kwa majina ya washindi peke yake, na majina ya washindi hayasemi yaliyotupata.

Mwaka 1988 nilikuwa darasa la saba. Ule ulikuwa mwaka wa mlolongo. Chama kilikuwa kimoja, KANU, na mchujo wake ulifanywa kwa watu kupanga foleni nyuma ya picha ya wamtakaye. Mgombea aliyepata asilimia 70 au zaidi hakuhitaji tena kwenda kwenye kura ya siri. Alikuwa amekwisha kuingia Bungeni. Uwanja wa shule yetu ndio uliokuwa kituo, nasi wanafunzi tukapanda miembe kutazama wazazi wetu wakihesabiwa kama tulivyohesabiwa sisi asubuhi katika paredi.

Baba alisimama mstari mmoja. Rafiki yake alisimama mwingine, hatua kama ishirini kutoka kwake. Rafiki huyo alikuwa mfugaji wa Kiorma ambaye sisi watoto tulimwita Baba Maziwa, kwa sababu ndiye aliyetuletea. Wakati wa kiangazi aliteremsha ng'ombe wake karibu na kijiji chetu, na kila baada ya siku mbili tatu alikuja na kibuyu cha maziwa, akarudi na mpunga, ndizi au mahindi mabichi. Hapakuwa na mizani. Mwaka mto ulipotunyima mavuno tulikunywa maziwa bila kutoa kitu, na mwaka ng'ombe wake walipokufa kwa ukame alikula kwetu. Baba yangu na yeye waliitana ndugu.

Mlolongo ulikuwa mfumo mbaya, na sitaki mtu anisome visivyo. Nchi nzima ililia mwaka ule juu ya mistari mifupi iliyotangazwa kuwa mirefu, na mtumishi wa serikali aliyesimama mahali pasipowapendeza wakubwa aliweza kulipia kwa kazi yake. Israel Lekwa Daiddo ndiye aliyekwenda Bungeni kutoka Garsen katika uchaguzi huo. Lakini ninachokikumbuka mimi ni jioni yake. Baba Maziwa alikuja na kibuyu kama kawaida. Mkeka ukatandikwa.

"Ndugu yangu," baba akamwambia, "mstari wenu ulikatika mapema."

"Na wenu ulipinda kama mto," akajibu mzee. "Haya, mimina maziwa."

Wakala wali na samaki, wakazungumza habari za mvua. Mchana walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake mbele ya kijiji kizima, na siri yoyote ya kura haikuwapo, na bado usiku walikula sinia moja. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyofikiria jina la yeyote aliyeshinda.

Msomaji ambaye hajafika Tana anahitaji kuelezwa neno moja: malka. Malka ni njia ya ng'ombe ya kuteremkia mtoni. Mashamba ya Wapokomo yamepangana kando ya Tana, kila ukoo na kipande chake, yakianzia majini na kupanda juu mpaka udongo wa mafuriko unapokoma. Nyuma ya mashamba ni mbuga za Waorma na Wardei. Mvua zikinyesha, mifugo hupata maji na majani huko bara, na mkulima hamwoni mfugaji kwa miezi. Kiangazi kikikaza, hakuna maji mengine isipokuwa mto, na ng'ombe lazima wapite mahali fulani kati ya shamba na shamba. Mahali hapo ndipo malka. Kila malka ilikuwa na jina, na mipaka yake iliwekwa na wazee: wazee wa Gasa upande wa Wapokomo, wazee wa Matadeda upande wa Waorma. Ng'ombe akitoka njiani akala mpunga, wazee walikaa, faini ikatajwa, ikalipwa. Mkulima akilima ndani ya malka, vivyo hivyo.

Mambo mawili yaliifinya njia hiyo kabla siasa haijaigusa. La kwanza ni mabwawa ya umeme huko juu. Bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981, likiwa kubwa kuliko yale yaliyolitangulia, mafuriko yetu ya kila mwaka yalianza kupoteza ratiba yake. Sisi hulima kwa kufuata maji yanapopungua. Maji yasipopanda, mashamba ya juu hubaki makavu na watu wote hushuka kugombea ukingo. La pili ni miradi. Shirika la serikali la maendeleo ya bonde la mto, TARDA, lilichukua sehemu kubwa ya delta kwa ajili ya mpunga, likajenga matuta na mifereji kwa msaada wa Japani. Baadaye likaja wazo la miwa pamoja na kampuni ya sukari ya Mumias, wakulima na wafugaji wakaenda mahakamani kulipinga wakiwa pamoja, jambo linalostahili kukumbukwa, na miwa haikupandwa. Lakini kila mradi ulipochora ramani, malka hazikuwamo kwenye karatasi.

Nilipiga kura yangu ya kwanza tarehe 29 Desemba 1992. Vyama vingi vilikuwa vimerudi, karatasi zikarudi, na foleni ikawa ya kungojea zamu tu. Nilikuwa na miaka 18. Nilidhani kuwa kwa kuwa hakuna tena anayeona nimemchagua nani, mambo ya mgawanyiko yamekwisha. Ikawa kinyume. Katika mlolongo macho yalihesabu watu waliosimama. Katika kura ya siri midomo ilianza kuhesabu watu waliozaliwa. Kabla ya kampeni kuisha kila mzee kijijini kwetu alikuwa akijua, au akidhani anajua, Wapokomo ni wangapi katika Garsen, Waorma ni wangapi, Wardei, Wagiriama, Wabajuni na Waswahili wa Kipini ni wangapi, Wata ni wangapi na wataelekea wapi. Uchaguzi ukawa sensa. Molu Shambaro wa KANU, mtu wa upande wa wafugaji, akashinda, na kwetu watu hawakusema fulani ameshinda. Walisema wale wameshinda.

Mwaka 1997 mvua za El Niño zilikuwa zimeanza Oktoba, na kufikia Desemba delta yote ilikuwa ziwa. Matuta ya mradi wa mpunga yalibomolewa na maji. Mji wa Garsen ulizama, na ndipo watu wengi walipohamia kwenye mwinuko wa Minjila. Mama yangu alikwenda kupiga kura kwa mtumbwi. Alifunga kitambulisho chake ndani ya karatasi ya nailoni, akakipachika kwenye ushungi, akakaa mbele, mimi nikapiga kafi nyuma. Tulipita juu ya shamba letu wenyewe. Niliona vilele vya migomba chini ya maji. Tulipofika kituoni tuliambiwa masanduku hayajafika. Tukangoja. Nchini kote upigaji kura ulichelewa hata ukaongezwa siku moja, mpaka tarehe 30. Tulilala chini ya mti pamoja na watu wa pande zote, wafugaji waliopoteza mifugo na wakulima waliopoteza kila kitu, tukigawana mkate na chai ya rangi. Shambaro alirudi Bungeni. Ninapomsikia mtu akisema kwamba watu wa Tana hawaithamini kura, ninamkumbuka mama na ule ushungi.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Baba Maziwa alikuja mazishini, akakaa siku tatu, hakusema mengi. Nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho alipolala kwetu.

Mwishoni mwa mwaka 2000 ukaja upimaji wa ardhi. Serikali ilitaka mashamba ya kando ya mto yapimwe na kupewa hati. Wakulima wengi tulifurahi. Hati ni hati. Wafugaji waliona jambo ambalo sisi hatukutaka kuliona: shamba likipata hati na malka isipopata, njia imekufa. Vita vilivyofuata kati ya Desemba ile na mwaka 2001 viliua zaidi ya watu 100, na safari hii bunduki zilikuwapo. Nyumba zilichomwa pande zote mbili. Baba Maziwa hakuja tena na kibuyu, wala mimi sikwenda kumtafuta. Njia ya kwenda kwake ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Ningeweza kwenda.

Uchaguzi wa Desemba 2002 ulitukuta na makaburi mabichi. Kote nchini wimbi la NARC liliizoa KANU, na Garsen likaja na wakili kijana wa Kipokomo, Danson Mungatana, aliyemwangusha Shambaro. Kijijini kwetu tulicheza ngoma mpaka asubuhi. Nililia kwa furaha, sikatai. Ningemdanganya msomaji nikidai kuwa nililia kwa ajili ya demokrasia. Nililia kwa sababu safari hii "wale" walikuwa wao na "sisi" tulikuwa sisi.

Mwaka uliofuata sheria ilianzisha hazina ya maendeleo ya maeneobunge, ile tunayoiita CDF, na kiti cha ubunge kikabadilika thamani kabisa. Kabla yake mbunge alikuwa mtu wa harambee: alitoa mfukoni mwake au mfukoni mwa marafiki wa Nairobi, na asipotoa alisemwa. Baada yake alikuwa na mafungu ya serikali, madarasa ya kujenga, na basari za kugawa. Madarasa yalijengwa, na watoto wa ndugu zangu walisoma kwa basari hizo. Lakini kushindwa kukawa na bei. Aliyeshindwa sasa aliona wazi kile alichokosa, kikiwa na bati jipya na rangi ya samawati, katika kijiji cha jirani. Na hata darasa lilipojengwa kwa haki, jirani hakuamini.

Mungatana alirudi mwaka 2007 kwa NARC-Kenya, ingawa sehemu kubwa ya Pwani ilielekea ODM. Alikuwa waziri msaidizi, na jina lake lilisikika Nairobi kuliko la mbunge yeyote wa kwetu kabla yake. Sina mengi ya kusema juu ya miaka hiyo. Baada ya kura hiyo nchi iliwaka sehemu nyingine, sisi tukabaki kimya, na tukajidanganya kuwa ukimya wetu ni amani.

Halafu ikaja katiba ya 2010. Tulipokea ugatuzi kwa shangwe. Tana River ingekuwa kaunti, Hola makao yake makuu. Ingekuwa na gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, pamoja na wabunge watatu wa Bura, Galole na Garsen. Garsen iligawanywa katika wadi sita: Kipini Mashariki, Kipini Magharibi, Garsen Kusini, Garsen Kati, Garsen Magharibi na Garsen Kaskazini. Kiti kimoja tulichokuwa tukikipigania kila miaka mitano sasa kilikuwa na ndugu zake wengi, na kila kimoja kilikuwa na fedha nyuma yake. Ile sensa ya midomoni ikaanza upya, safari hii kwa kaunti nzima.

Tarehe 22 Agosti 2012, alfajiri, kijiji cha wafugaji cha Riketa kilivamiwa. Watu zaidi ya 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Riketa iko katika tarafa ya Tarasaa. Waliovamia walitoka upande wetu, na hakuna namna nyingine ya kuiandika sentensi hii. Septemba ikaja zamu ya Chamwanamuma, kisha tarehe 10 Kilelengwani, ambako miongoni mwa waliokufa walikuwamo askari polisi tisa. Serikali ilitangaza kafyu, ikaleta vikosi, ikaunda tume chini ya Jaji Grace Nzioka. Tume ilisikiliza watu kwa miezi. Kijijini kwetu hakuna aliyekuja kutusomea ilichokiona.

Hapa tarehe zina maana. Uandikishaji wa wapiga kura kwa mitambo ya alama za vidole ulifanywa kutoka tarehe 19 Novemba hadi 18 Desemba 2012. Karani alikuja na begi lake la mtambo katika vijiji vyenye majivu, akawaita watu waweke vidole. Maelfu ya watu wa delta walikuwa wamekimbilia kwingine, na mtu huandikishwa pale alipo. Siku tatu baada ya daftari kufungwa, tarehe 21 Desemba, Kipao, kijiji cha wakulima, kilivamiwa alfajiri. Watu wapatao 40 walikufa siku ile, wavamizi na wavamiwa. Sijui wangapi kati yao walikuwa na karatasi mpya za wapiga kura ndani ya nyumba zilizoungua. Januari vijiji vingine vikachomwa. Jumla ya waliokufa ilipita mia moja kwa mara ya pili katika miaka kumi na miwili.

Kura ilipigwa tarehe 4 Machi 2013. Waandishi wa habari walikuja na wapiga picha wakitarajia damu, na haikumwagika siku ile. Mstari ulikuwa mrefu, kimya, askari wengi. Mbele yangu, watu watatu tu kutoka kwangu, alisimama mtoto wa kwanza wa Baba Maziwa. Tulikua pamoja. Tuliwahi kuogelea katika mto wenye mamba tukiwa uchi, tukachapwa fimbo moja na mama yangu, yeye na mimi, bila ubaguzi. Mvi zilikuwa zimemwingia. Aligeuka, akaniona, akanitazama muda ambao mtu hutumia kuamua. Kisha akageuka mbele. Mimi sikumwita. Tulisimama katika mstari mmoja kwa saa nne, chini ya jua la Machi, hatukuamkiana.

Baba zetu walisimama katika mistari miwili, wakala sinia moja.

Karatasi zilikuwa sita, na ya mbunge ilikuwa ya kijani. Ibrahim Sane wa TNA akachukua Garsen. Hussein Dado akawa gavana wa kwanza, naye Mungatana, aliyekuwa ameuacha ubunge ili autake ugavana, akashindwa. Viti vikubwa vyote vya kaunti vilikwenda upande wa pili, na kwetu watu walitembea kama wanaotoka mazishini. Nilisikia vijana wakisema tumemezwa. Mzee mmoja wa Gasa aliwajibu, "Mlipowameza wao mwaka wa 2002 mlikuwa mnacheza ngoma." Hakuna aliyemjibu.

Kuna jambo moja nimelitafakari na sijamsikia mtu akilisema. Chaguzi za kuanzia 1992 hadi 2007 zilifanywa Desemba, baada ya mvua za vuli, wakati mfugaji yuko bara na mifugo yake na sisi tuko mashambani. Hatukuwa tunaonana. Tangu 2013 tunapiga kura Machi au Agosti, katika kiangazi, wakati ng'ombe wako mtoni, malka zimejaa, na ugomvi wa kila siku uko mlangoni. Sisemi kuwa tarehe ndiyo inayoamua nani ashinde. Shambaro alishinda mara mbili Desemba. Ninasema kwamba tumeuweka msimu wa kampeni juu ya msimu wa kiu, na mgombea anayetafuta cha kuwatia watu moto hahitaji kukitafuta mbali.

Baada ya hapo mambo yametulia kidogo, na niwe mkweli, yametulia kuliko nilivyotazamia. Mwaka 2017 Ali Wario Guyo alimwondoa Sane kwa tiketi ya Wiper, na mwaka 2022 akarudi kwa ODM. Dhadho Godhana, aliyekuwa mbunge wa Galole, akawa gavana mara zote mbili. Mungatana alirudi mwaka 2022 akiwa seneta kupitia UDA. Wanasiasa wamejifunza kupanga safu zenye watu wa makabila mbalimbali, mgombea wa kiti hiki kutoka huku na wa kiti kile kutoka kule. Watu husema hiyo ndiyo tiba. Mimi naona ni bandeji nzuri, na bandeji ni bora kuliko kidonda wazi. Lakini wakubwa wanapogawana viti, hakuna mita hata moja ya ukingo iliyogawanywa.

Tangu 1988 Garsen imepeleka Bungeni watu watano: Daiddo, Shambaro, Mungatana, Sane na Guyo. Wote wanaume. Nchi nzima husimama kwa wimbo wa taifa ambao lahani yake ilitoka katika bembelezi la mama wa Kipokomo, na mama huyo hajawahi kuiwakilisha Garsen. Katika kila vita nilivyovitaja wanawake ndio waliokimbia na watoto mgongoni, na wao ndio waliorudi sokoni kwanza. Soko la Minjila lilianza kupokea maziwa ya Waorma na maembe ya Wapokomo kwenye meza zilizo jirani kabla mkutano wowote wa amani haujaitishwa. Anayetafuta mbunge wa kweli wa Garsen aanzie sokoni pale.

Katika majukwaa yote niliyosimama chini yake, nimesikia ahadi za umeme, maji ya bomba, chuo, hospitali, vitambulisho, barabara ya Ozi. Sijamsikia mgombea hata mmoja akiitaja malka kwa jina lake na kusema inapita wapi. Ninajua sababu. Anayeitaja kwa wakulima hupoteza wakulima, na anayekataa kuitaja kwa wafugaji hupoteza wafugaji, kwa hiyo wote hupita katikati, ambako hakuna kitu. Kazi imefanywa na wengine. Katikati ya miaka ya 2010 wazee wa vijiji, wataalamu na maofisa wa serikali walikaa wakaandaa mpango wa matumizi ya ardhi ya delta, na ndani yake njia za mifugo zimo. Sheria ya ardhi ya jamii imekuwapo tangu 2016. Delta yenyewe iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu duniani, Septemba ile ile tuliyokuwa tukizikana. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni nguzo za saruji ardhini, kutoka mbugani hadi majini, na mtu mwenye mamlaka ya kusema hapa hapalimwi na hapa ng'ombe haingii.

Mwaka jana nilikwenda kwa kina Baba Maziwa. Saa mbili kwa miguu, kama zamani, ingawa magoti si yale. Baba Maziwa alikwisha kufariki miaka mingi. Hakuna aliyeniletea habari, wala sikustahili kuletewa. Mwanawe yule wa foleni alinikaribisha kivulini. Tulikaa kwanza bila maneno. Kisha mkewe akaleta maziwa katika jagi la plastiki, naye mume akaniuliza mama yangu yu hali gani. Nikamwambia alifariki. Akasema, "Alikuwa akitupiga vizuri," na macho yake yakalowa. Baadaye alinipeleka kunionyesha malka ambayo baba yake aliitumia. Tulitembea mpaka tukafika mahali ilipokatika. Migomba imepandwa katikati yake, mizuri, yenye mikungu. Migomba hiyo ni ya ukoo wetu.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, katikati ya kiangazi. Wagombea wameshaanza kuja, na watakuja zaidi. Wewe uliye Tarasaa, Ngao, Oda, Kipini au Ozi, na wewe uliye mbugani nyuma yetu: akija kwenu anayetaka karatasi ya kijani, msimwekee jukwaa kwanza. Mteremsheni garini, mtembee naye kwa miguu hadi mtoni, wakulima kwa wafugaji, na awaonyeshe kwa kidole chake malka inapita wapi.